Vivuli vya Mawe Matatu: Maisha ya Fundi Aliyechora Mwezi wa Zohali

Marehemu, ambaye kazini na mtaani alijulikana zaidi kama Fundi Kivuli, alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Machi 1946, katika chumba cha ndani cha nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa nyuma wa kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto sita. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi, na mama yake alifua mashuka ya hospitali ya jirani. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakuwa msumbufu, ila alikuwa mzito wa kuhama. Alimlaza kivulini akaenda kuanika, na aliporudi alimkuta juani, ametulia, amekodoa macho angani. Kivuli kilikuwa kimehama, mtoto hakuhama.

Kabla hatujaendelea, ni vizuri waombolezaji wajue kwamba marehemu mwenyewe alitoa masharti ya maandishi haya. Alisema yasimsifu kwa asichokifanya, na yasifunike alichokifanya vibaya. Kwa miaka arobaini na mitatu alibeba kosa moja, na nia yake ilikuwa moja tu: asife akiacha kosa hilo likining'inia kwenye ukuta wowote wa darasa. Kama alifanikiwa au la, tutafika huko.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1954 na kumaliza la nane mwaka 1961. Hesabu zilimtoa jasho. Katika kuchora hakuwa na mpinzani, na walimu walimwita ubaoni kila walipohitaji ua, moyo wa mwanadamu au ramani ya mito. Mwaka 1960 wapima ardhi walikuja kupima barabara iliyopita kando ya shule. Ilikuwa saa tisa alasiri na nusu ya mwezi ilikuwa imeshaonekana mchana kweupe, imepauka kama chaki. Mpima mmoja, mtu mpole mwenye kofia kuukuu, alimruhusu achungulie mwezi huo kwenye darubini ya kupimia. Marehemu alitazama hadi jicho likatoa machozi, kisha akachora alichokiona nyuma ya daftari la jiografia, mashimo na madoa yote.

Mpima aliushika ule mchoro, akaugeuza, akacheka kidogo.

"Mwezi wako umesimamia kichwa."

"Nimechora nilichokiona."

"Ni kweli. Chombo hiki hupindua kila kitu. Macho yako mazima, kijana. Siku nyingine uulize kwanza chombo kimekaaje."

Marehemu aliwasimulia wanawe kisa hicho mara nyingi sana, na kila mara alikifunga kwa sauti ile ile ya kuchoka: "Nilisikia, lakini sikusikiliza."

Kuanzia 1962 hadi 1964 alisoma katika chuo cha ufundi, akajifunza kuandika mabango na kuandaa michoro ya kuchapwa. Tarehe 1 Februari 1965 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule, Idara ya Vielelezo, akakaa hapo miaka arobaini na moja bila kuhama idara. Wengi mliopo leo mmesoma kwa mkono wake bila kujua. Mende aliyepasuliwa tumbo kuonyesha utumbo ni wake. Mzunguko wa maji wenye mishale ya bluu ni wake. Hakuna hata mchoro mmoja wenye jina lake, kwa sababu idara haikuruhusu wachoraji kutia sahihi. Mkuu wa idara, ambaye kila mtu alimwita Bwana Rula kwa kuwa hakuiweka chini rula yake hata wakati wa kunywa chai, alikuwa akisema chati ni ya mtoto, si ya fundi.

Mwaka 1979 liliagizwa toleo jipya la chati za ukutani kuhusu Jua na sayari zake. Bwana Rula alitaka Zohali ichorwe kama ilivyozoeleka, mpira na pete yake, mshale na jina. Marehemu aliomba kitu kingine. Alitaka kuichora kama itakavyoonekana na mtu aliyesimama juu ya mmoja wa miezi yake, Zohali imejaa angani na mtazamaji ana ardhi chini ya miguu.

"Nani ameshasimama huko?" Bwana Rula aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa utachora nini?"

"Atakachokiona wa kwanza kufika."

"Mtoto wa darasa la sita hafiki huko."

"Kwa miguu hafiki, mkuu."

Bwana Rula alitafuta mahali pa kuweka rula yake katika hoja hiyo, akakosa. Akaita mtaalamu kutoka chuo kikuu aje kumsimamia fundi asije akapotosha watoto. Mtaalamu alikaa naye siku mbili. Alimweleza kwamba huko hakuna hewa, kwa hiyo anga ni jeusi hata jua likiwa juu, na kivuli hakina ukungu pembeni, kimekatika kama kitambaa kilichopita kwenye mkasi. "Na usiniwekee wingu hata moja," alimwambia. Marehemu aliandika yote hayo. Alikuwa mtu wa kuuliza mpaka aliyeulizwa aombe maji ya kunywa.

Njia yake ya kufanya kazi inafaa kuelezwa, maana ndiyo iliyomponza. Hakuamini kuchora kutoka kichwani. Aliokota mawe matatu kando ya reli, akayapaka chokaa yafanane na barafu, akayapanga kama mafiga juu ya sinia lililotandazwa chumvi. Juu yake alitundika mpira wa mtoto uliopakwa chokaa uwe badala ya Zohali. Sinia likawa juu ya meza yake, kando ya dirisha, na jua la dirishani likawa jua la huko mbali. Alichora kilichokuwa mbele yake. "Jiwe halidanganyi," alikuwa akisema. Mwezi wa Julai wote na siku za mwanzo za Agosti alichora anga na sayari. Dirisha lilikuwa kushoto kwake, na Zohali ikatoka hilali nene iliyoangazwa upande wa kushoto, na pete zake kama uzi uliovutwa.

Jumatatu tarehe 13 Agosti 1979 iliingia mashine mpya ya kukatia karatasi. Ilikuwa kubwa, na Idara ya Vielelezo ikaambiwa ipishe. Meza zote zilihamishiwa ukuta wa pili, ng'ambo ya chumba. Marehemu alibeba sinia lake mwenyewe kwa mikono miwili, taratibu kama anayebeba uji wa moto, chumvi isimwagike. Akaliweka juu ya meza, akakaa, akaendelea na mawe. Dirisha sasa lilikuwa kulia kwake. Alichora mawe matatu na vivuli vyake kama alivyoviona, kwa uaminifu wote, na hakuna kilichokuwa cha uongo katika sinia lile. Bwana Rula hakuona. Mtaalamu aliitwa tena, akasifu weusi wa anga. Mwezi Septemba zilichapwa nakala mia saba, zikaenda katika shule mia saba.

Chati ilipendwa kuliko chochote ambacho kiwanda kilikuwa kimetoa. Walimu waliandika kwamba watoto walikuwa wakibaki darasani wakati wa mapumziko kuitazama. Katika karatasi za mitihani ya kuchora, watoto waliacha lile jua la kona lenye miale kama kichana, wakaanza kupaka anga jeusi mchana. Mwalimu mmoja aliuliza kama ni sahihi kumpa alama mwanafunzi aliyeandika kwamba akiwa mkubwa angependa kufanya kazi Zohali, zamu ya asubuhi.

Kisha, mwezi Februari 1980, ikaja barua iliyoandikwa na msichana wa miaka kumi na mitatu, kutoka shule iliyo jirani na machinjio. Marehemu aliitunza, na tunainukuu ilivyo:

"Kwa Mchoraji. Zohali imeangazwa upande wa kushoto, kwa hiyo jua liko kushoto. Lakini vivuli vya mawe vimelalia kushoto, kwa hiyo jua liko kulia. Naomba kujua kama mwezi huo una majua mawili. Mwalimu amesema nikuulize wewe kwa kuwa ndiye uliyefika."

Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Alikwenda kutazama nakala iliyokuwa imetundikwa kwenye korido, akasimama mbele yake mpaka kengele ya chakula ikalia. Alipompelekea Bwana Rula ile barua, mkuu alijaribu kumfariji.

"Kutenda kosa si kosa, fundi. Kosa ni kurudia kosa."

"Mashine imelirudia mara mia saba, mkuu."

"Karatasi za kuchapa upya hakuna. Na nani atajua?"

"Ameshajua mmoja. Ana miaka kumi na mitatu."

Mtunza ghala, mama mmoja mkunjufu wa roho aliyeitwa Mama Orodha, alimnakilia kwa mkono majina ya shule zote mia saba kwenye daftari la jalada gumu. Alimpa akimwambia, "Baba, kuna kazi na kuna kiherehere. Hii sijui niiite nini." Jumamosi tarehe 8 Machi 1980 marehemu alikwenda katika shule ya kwanza. Jina la Fundi Kivuli alipewa wiki hiyo na wenzake wa idarani, kwa mzaha, na likamganda hadi leo.

Hapa kuna jambo ambalo yeye alitaka lisemwe waziwazi. Barua ya yule msichana hakuijibu. Aliona haya. Kila alipoketi kuandika, kalamu ilikuwa nzito, na akajiambia kwamba atakwenda mwenyewe akiwa amemaliza shule nyingine zote, asimame mbele yake na kazi iliyokamilika. Shule ya jirani na machinjio akaipa namba ya mwisho kabisa, mia saba.

Kusahihisha chati moja kulichukua dakika arobaini. Alikuwa na kopo la bati lenye rangi tatu, brashi mbili na kitambaa. Kwanza alifunika kivuli cha zamani kwa weupe wa barafu, akangoja kikauke, kisha akachora kipya upande wa pili wa jiwe. Kung'oa chati ukutani hakutaka, maana zingine zingechanika. Alipanda juu ya dawati. Walimu wakuu walidhani ni mkaguzi.

"Nani amekutuma, mzee?"

"Nimejituma."

"Kuja kuchora kivuli?"

"Kukihamisha."

Wanafunzi walikusanyika, na ndipo palipoanza jambo ambalo hakulipanga. Mmoja alimuuliza, "Fundi, kwani mawe yamehama?" naye akajibu, "Mawe hayakuhama, mwanangu. Aliyehama ni mimi." Ikabidi aeleze. Akawauliza: ukisimama pale, kati ya lile jiwe na lile, kivuli chako kitalala wapi? Darasa zima likasimama, wakajigeuza, wakanyoosha mikono, wakabishana, wakakosea, wakapata. Tangu siku hiyo hakuanza kupaka kabla ya kuuliza swali hilo. Walimu kadhaa walilichukua likawa somo lao la kila mwaka. Wapo watu wazima leo, mafundi umeme, wakunga, madereva, ambao wakiona hilali angani hujikuta wanatafuta jua liko upande gani.

Mwaka 1981 magazeti yalitoa picha zilizopigwa na chombo kilichopita karibu na Zohali. Zilionyesha kwamba vilima vya miezi ile ni vya mviringo na ardhi imejaa mashimo, tofauti na vilele vyenye ncha alivyovichora yeye. Kazini walimngoja kwa hamu.

"Haya Kivuli, na milima nayo utaipandia madawati?"

"Milima hatukuijua," alijibu. "Kivuli nilikuwa nacho mezani."

Hakusema zaidi ya hapo, na familia inaamini kwamba maneno hayo yanamweleza kuliko wasifu wote huu. Kutojua hakukumtia haya. Kilichomkosesha raha ni kujua na kutoangalia.

Sasa tumtaje mama, mke wa marehemu. Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Novemba 1971 na mshonaji wa sare za shule. Walikutana alipokwenda kushonewa koti la kazi, akaomba mifuko kumi na mmoja. Mshonaji akamwuliza, "Unabeba brashi au unabeba duka?" Koti alilishona, mifuko yote, na koti hilo ndilo lililokuja kwenda shule zote hizo. Walijaliwa watoto watatu. Mama aliolewa na mtu wa kukaa nyumbani. Baada ya 1980 alijikuta na mume wa Jumapili. Jumamosi zote zilikuwa za shule, na likizo zote zilikuwa za shule za mbali.

"Kosa moja haliachi mke," alimwambia siku moja akimfungia chakula cha njiani, "lakini hili lako, baba watoto, linanitafutia sababu."

"Zimebaki mia nne tisini."

"Nilikuuliza?"

Binti yao wa mwisho aliwahi kumwuliza atakuja lini kusahihisha chati ya darasani kwao, kwa kuwa wenzake walikuwa wakimcheka. Marehemu alifungua daftari, akapitisha kidole. "Ninyi ni namba mia mbili na sita," akasema. Mtoto akanuna. Alifika kwenye shule hiyo mwaka 1989, kwa mpangilio wake, na wakati huo binti alikuwa ameshamaliza. Mwaka 1987 binti huyo huyo aliimba peke yake katika sherehe ya kufunga shule, na baba hakuwepo. Alikuwa juu ya dawati la watu wengine. Marehemu alisema hili nalo liandikwe, kwamba alilijutia, na kwamba kivuli cha namna hiyo hakina rangi ya kukifunika. Binti amesema alishamsamehe siku nyingi, ila ameomba isemwe pia kwamba aliimba vizuri.

Alistaafu tarehe 3 Machi 2006. Watu walidhani atapumzika, naye akafurahi kwamba sasa ana Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka 2011 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na madaktari wakasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao haurudi nyuma. Zilikuwa zimebaki shule arobaini na mbili. Alijaribu mbili peke yake, akarudi nyumbani na koti lililochafuka rangi kifuani, akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kuvua viatu.  Jumamosi iliyofuata mama alifunga cherehani yake, akajifunga kilemba, akaenda naye. Kijana wao wa pili, ambaye ni dereva, aliwapeleka. Marehemu alishika brashi, mama akamshika kifundo cha mkono, na hivyo ndivyo zilivyosahihishwa chati za mwisho, bibi na babu juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, bibi akinong'ona, "Kulia kidogo. Usikimbie. Tumetoka mbali."

Kufikia Juni 2014 daftari lilionyesha hivi. Chati mia tano themanini na nane zilikuwa zimesahihishwa. Mia moja na kumi na moja zilithibitishwa kuwa hazipo tena: zililiwa na mchwa, zililoweshwa na mapaa yanayovuja, na moja ilikutwa imezibia kioo cha dirisha la choo cha walimu, mawe yakiwa yameangalia nje. Ilibaki moja.

Alikwenda katika shule ya jirani na machinjio amevaa shati jeupe. Alikuta msumari, na chini yake pembenne ya ukuta iliyong'aa kuliko ukuta mwingine. Mwalimu mkuu alisema chati ile alipewa msichana mmoja mwaka 1981, iwe zawadi ya kufaulu. Sasa ni mhadhiri wa chuo kikuu, somo la nyota na anga. Marehemu aliketi kwenye kibaraza cha shule hadi kijana wake alipokuja kumwinua.

Akamwandikia barua, ya kwanza, kwa mkono wa mama. Alimwomba radhi kwa kuchelewa na kumwomba alete chati isahihishwe. Jibu lilikuja haraka. "Mzee wangu, shikamoo. Nilikuuliza mwaka 1980, nikangoja miaka thelathini na minne. Nawe ngoja kidogo. Hii siileti isahihishwe." Waliandikiana kwa miaka tisa. Alimbembeleza, alimweleza, aliwahi hata kumtishia kwamba atakuja na brashi usingizini mwake. Mhadhiri alijibu kila barua kwa heshima na akakataa kila barua.

Mwezi Januari 2023 miguu ilikataa, na kifua kikaanza kubana. Alilazwa mara mbili. Mara ya pili aliomba arudishwe nyumbani, akalazwa chumba cha kushonea, kwa sababu ndicho chenye dirisha kubwa. Jumamosi tarehe 6 Mei, saa nane mchana, mhadhiri alifika na bomba refu la karatasi kwapani. Ni mama wa makamo sasa, nywele zina mvi. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta?"

"Nimeleta. Ila sijakubali."

"Kaa basi. Tuchoke pamoja."

Waliitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, iliyosogezwa hadi kitandani kwake, pembe zikashikiliwa na mikasi na pasi. Mhadhiri akamsimulia alichokuwa hajakiandika katika barua yoyote. Alipokosa jibu, alijiambia kwamba kuna mambo mawili: ama mchoraji amekosea, ama kuna mahali penye majua mawili. Kwa kuwa alikuwa mtoto na mchoraji ni mtu mzima, aliona haiwezekani mtu mzima akosee. Akachukua viazi vitatu na taa mbili, akaanza kutafuta vivuli vingelala vipi. Hakuacha tena. Kazi aliyoifanya chuoni maisha yake yote ni kupima sayari za mbali zinazozunguka nyota mbili kwa pamoja.

"Na zipo, mzee. Si huko Zohali. Lakini zipo. Zimeonekana."

Marehemu aligeuza macho kwenye chati. Nje kulikuwa na mtu akigonga bati.

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Ulikosea."

"Asante," alisema, na wote waliokuwepo walimwona akitabasamu. Kisha tabasamu likamtoka. "Miaka yote hiyo, mwanangu, nimekuwa nikizunguka nikifuta jua la mtu."

"Hapana. Watoto wa shule mia tano themanini na nane umewafundisha kutazama. Mimi niachie hii moja."

Aligeuza kichwa akamtazama mkewe. "Mama watoto. Nipe brashi."

 Mhadhiri aliweka mkono wake pembeni ya chati, hakuuondoa, wala hakuizuia brashi. Mama alikoroga rangi nyeusi kwenye kopo lile lile la bati, akampa brashi nyembamba, akamshika kifundo cha mkono. Brashi ikapita juu ya Zohali. Ikashuka kwenye jiwe la kwanza, ikasimama juu ya kivuli chake, ikitetemeka, hata tone likataka kudondoka, mama akalikinga kwa kidole. Ikaendelea kushuka. Ikafika kwenye pembe ya chini ya kulia, pale ambapo idara haikuruhusu fundi kuandika kitu, na hapo akaandika jina lake kamili, na chini yake: "Mchoro ni wangu. Kosa ni langu. 1979." Ilimchukua dakika ishirini na tano.

"Haya," alimwambia mhadhiri. "Barua yako nimeijibu."

Kisha akamrudishia mama brashi. "Nimechoka. Nivutie mto."

Kwa wiki mbili na nusu zilizofuata hakuuliza daftari. Chakula alionja, dawa alimeza kwa kulazimishwa, na mchana alilala kuliko kawaida yake. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 25 Mei 2023 kifua kilibana tena, na alipoulizwa kama aitiwe gari alitikisa kichwa. Alifariki saa nne asubuhi, katika chumba cha kushonea, jua likiwa limeingia dirishani na kufika nusu ya kitanda. Alikuwa na miaka sabini na saba.

Mama alipopanga vitu vyake alikuta daftari la Mama Orodha katika mfuko wa kumi na moja wa koti. Mbele ya kila shule palikuwa na alama ya vema au msalaba. Mbele ya namba mia saba palikuwa wazi. Mama alichukua kalamu akaandika hapo neno moja, kwa mwandiko wake wa kuandikia vipimo: Imeachwa.

Marehemu ameacha mjane, aliyemshika mkono. Binti wa kwanza, muuguzi. Kijana wa pili, dereva. Na binti wa mwisho, mwalimu, ambaye darasani kwake kuna sinia la chumvi na mawe matatu. Ameacha wajukuu saba, kitukuu mmoja asiyetaka kuhamishwa akishalazwa, dada mmoja, na Bwana Rula, ambaye ana miaka tisini na minne na amefika leo bila rula. Chati namba mia saba imetundikwa mlangoni. Mhadhiri ameomba watu waitazame bila kuigusa, kisha atarudi nayo nyumbani kwake.

Pumzika, fundi. Kazi yako tumeiona, na kosa lako tumeliona. Mwanga na ukufikie hapo ulipo, utoke upande wowote.